Mzee Asiyefika Dirishani

Ukiingia hospitali nyingi za huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kuanzia Mafinga mpaka Tukuyu, utakuta maandishi ukutani yanayosema wazee kwanza. Pengine kuna dirisha lao, pengine benchi lao, pengine ni karatasi tu iliyobandikwa kwa plasta ya hospitali na imeshaanza kupauka. Ni jambo jema. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisaidia kutufikisha hapo, pamoja na msamaha wa matibabu kwa aliyetimiza miaka 60 asiye na uwezo wa kulipa. Nimefanya uuguzi kabla ya madirisha hayo na baada yake, na sitaki kusikia mtu akiyabeza.

Ila dirisha lina masharti ambayo hayajaandikwa popote. Mzee lazima ajijue kwamba anaumwa. Lazima aone kuumwa kwake kunastahili nauli. Awe na nguvu ya kutembea au mtu wa kumshika mkono, akumbuke kitambulisho, apate nguo ambayo haitamtia haya mbele za watu, kisha akae foleni. Yupo mzee ambaye hata sharti la kwanza halitimizi. Haogi. Akipika leo, atakula hicho hicho mpaka kiwe kimechacha. Dawa za presha ziko kwenye mfuko wa rambo uliotundikwa msumarini, hazijaguswa tangu aletewe. Mguuni ana kidonda amekifunga kitambaa cha kanga, na kitambaa kimeshashikana na nyama. Ukimuuliza hali, anasema yuko salama. Ukimwambia twende zahanati, anakujibu kwa upole kabisa: mwanangu, niache.

Huyo ndiye ninayeandika habari zake leo. Wapo wazee waliotelekezwa na watoto wao, na wapo wanaopigwa na kunyang'anywa mashamba. Hao nao wana makala yao. Huyu wangu amejitelekeza mwenyewe, mara nyingine ndani ya nyumba nzuri, mara nyingine hatua chache kutoka kwa mkwe anayempelekea chakula kila jioni na kukikuta kesho yake kimefunikwa vilevile.

Siku hizi kazi yangu ni kuwezesha mafunzo. Wanaokuja ni wauguzi wa zahanati, maafisa ustawi wa jamii, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na mara mojamoja mtendaji wa kijiji aliyepita njia akasikia kuna chai. Ninaanza kwa kuwaeleza mzee wa namna hii, bila jina wala kijiji, kisha nauliza shida yake ni nini. Majibu hayatofautiani sana, uwe Iringa mjini au Chunya. Watoto wamemtupa. Amerogwa. Yeye mwenyewe ndiye mchawi, ndiyo maana hataki watu waingie ndani. Ni ulanzi. Ni uzee tu, Sista, sote tunaelekea huko. Nayaandika yote kwenye chati mgeuzo na kuwaacha wayatazame. Baada ya muda mmoja wao hugundua kwamba kila jibu limempa kazi mtu ambaye hayumo chumbani. Watoto warudi, mganga atibu, mchungaji aombe. Hakuna hata moja linaloanza na muuguzi.

Basi tuanze na muuguzi.

Kuna mzee mmoja wa vijiji vya juu kule Uporoto, kwenye viazi na ukungu, ambaye nimembadilishia mambo mawili matatu asije akatambulika. Mwalimu mstaafu. Nyumba ya tofali za kuchoma, bati halina kutu, watoto wako mjini na wote wana kazi. Mkewe alishatangulia. Muuguzi wa zahanati alikuwa amemtembelea na kuandika kwenye daftari lake: anajimudu, hana tatizo, anataka kuachwa. Tulipopanda naye huko kwa mazoezi ya vitendo, mzee alikuwa nje anaota jua, amevaa makoti mawili, la juu lina ugali uliokaukia kifuani. Kucha ndefu. Ndoo ya maji tupu, na utando wa buibui ndani yake. Nikaomba ruhusa kuchungulia jikoni. Majivu yalikuwa ya baridi, na katikati ya mafiga matatu kuku alikuwa ametaga.

Kuku hatagi penye moto. Nililiona hilo kabla ya kumuuliza chochote.

Muuguzi akaanza kumhoji kama alivyofundishwa chuoni. Mwalimu unakula nini? Asubuhi uji, mchana ugali na maharage, jioni viazi. Pesa unapataje? Mzee akakaa vizuri kabisa, akatueleza kwa sauti ya darasani: wanangu wananitumia kwa simu, unaingia kwenye menyu, unachagua kutoa pesa, unaweka namba ya wakala, unaweka kiasi, halafu namba yako ya siri, ambayo hupaswi kumwambia mtu. Muuguzi akanitazama, kana kwamba ananiambia unaona, nilisema.

Nikamwomba mwalimu atuonyeshe. Akaitoa simu kooni mwa koti la ndani, akaigeuza, akaiwasha redio, akaizima, akaanza kutusimulia habari za mkuu wa shule mmoja mkali aliyefanya naye kazi. Nikamrudisha taratibu kwenye simu. Akaishika tena, akabonyeza vitufe bila mpango, akanikabidhi: hebu nisaidie, macho. Ujumbe wa pesa zilizoingia ulikuwa umepangana mmoja chini ya mwingine, hakuna hata mmoja uliofunguliwa. Nikasema basi mwalimu, tuwashie moto tuote, baridi kali. Akainuka kwa furaha ya mwenyeji. Alikwenda kufuata kuni, akarudi na jembe.

Maneno yote alikuwa nayo. Alichopoteza ni uwezo wa kulianza jambo, kulipanga hatua kwa hatua na kulimaliza. Kazi hiyo hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, na inaweza kuharibika kwa viharusi vidogovidogo vya presha isiyotibiwa, kwa pombe ya miaka mingi, au kwa magonjwa ya kusahau, huku ufasaha wa kusema na kumbukumbu za zamani vikibaki karibu vizima. Ndiyo maana mahojiano peke yake yanatudanganya, hasa kwa watu waliosoma. Mwaka 2008 madaktari wa Houston, Texas, waliokuwa wakiwahudumia wazee wa aina hii, waliandika njia rahisi ya kuwapima: mzee aeleze anachofanya, halafu akifanye mbele yako. Haihitaji mashine. Inahitaji uwe nyumbani kwake, na uwe na muda wa kusubiri moto uwake. Kwenye mafunzo nawapa orodha fupi ya mambo ya kuomba kuonyeshwa: kuwasha moto, kuchota uji kwenye kikombe, kutoa kidonge kwenye pakiti, kufunga mlango na kuufungua, kumpigia simu mtoto. Wengi wanashangaa kuona mambo madogo kiasi hicho kwenye somo la kitaalamu.

Kipo pia kipimo kinachoitwa IDEA, kilichotengenezwa kwa ajili ya wazee wa Afrika na kufanyiwa kazi wilayani Hai, Kilimanjaro. Nakipenda kwa sababu hakimdai mzee kalamu. Vipimo vingi vilivyotoka nje vinamtaka achore saa au aandike sentensi, na bibi ambaye maisha yake yote hakuwahi kushika penseli anaonekana mgonjwa papo hapo. Hiki kinakutaka umpangie umbo kwa njiti za kiberiti naye alipange upya, akutajie wanyama kwa kadiri anavyoweza, akumbuke maneno uliyomsomea muda mfupi uliopita. Hukohuko Hai utafiti wa miaka ya 2010 ulikadiria kwamba katika kila watu 100 wenye miaka 70 na zaidi, takriban 6 wana ugonjwa wa kusahau. Sioni sababu ya huku kwetu kujidhania tumesalimika.

Lakini ubongo si kila kitu, na hapa huwa nawagombeza wanafunzi wangu waliojifunza neno demensia, yaani ugonjwa wa kusahau, juzi na sasa wanalibandika kila mahali. Mwili kwanza. Mzee mwenye mtoto wa jicho haoni uchafu unaouona wewe. Mwenye tezi dume iliyoziba analowa usiku kucha, anaona haya, anaacha kwenda kanisani, anaacha kuvua koti, na baada ya miezi kadhaa mnasema amejitelekeza. Wazee wa milimani walikulia kwenye udongo wenye madini joto kidogo, kabla chumvi yenye madini hayo haijaenea madukani. Rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingo, mnaziona bado kwa bibi zetu. Tezi hiyo ikilegea mtu anakuwa mzito, anasikia baridi kuliko wenzake, choo kinagoma, sauti inakwaruza, hamu ya kila kitu inakwisha. Kipimo chake ni cha damu na dawa yake ni kidonge.

Kisha kuna ngozi. Mzee anayeishi kwa ugali mtupu na pombe ya nafaka anaweza kupata pelagra, upungufu wa vitamini aina ya naiasini. Mikono inakuwa myeusi na kupasuka pale jua linapopiga, shingoni unaona alama kama mkufu, tumbo linaharisha, akili inavurugika. Nimeona mtu mwenye ngozi hiyo akisuguliwa kwa brashi na wasamaria wema waliodhani ni kutu ya kutooga. Haitoki kwa sabuni. Vidonge vya vitamini hiyo ni vya bei nafuu, na mabadiliko unaweza kuyaona ndani ya siku chache.

Na ukimkuta mzee ambaye hajala kwa siku nyingi, usikimbilie kumpikia sahani ya wali na nyama. Mwili uliozoea njaa ukipokea chakula kingi kwa ghafla, chumvichumvi za damu zinayumba na moyo unaweza kusimama. Anza kidogokidogo, mpeleke kituo cha afya, acha wenye vipimo waongoze. Hili nalirudia kila mafunzo kwa sababu upendo wetu sisi watu wa huku unaanzia kwenye sufuria.

Mwezi wa saba kule juu sakitu inashuka, mashamba yanaamka meupe. Mzee asiyeweza kupasua kuni anaingiza jiko la mkaa chumbani na kuziba dirisha kwa gunia. Moshi hauonekani, lakini hewa ya mkaa inaua bila kumwamsha mtu. Ukifanya ziara msimu huo angalia jiko limelala wapi. Basi, hilo halihitaji maelezo zaidi.

Nirudi kwenye jambo ambalo wataalamu wetu wanakosea zaidi, nalo ni ufagio.

Upande wa Makete kulikuwa na bibi aliyekuwa anaishi peke yake katikati ya magunia. Magunia mpaka darini, njia ya kupita ni ya mtu mmoja kwa ubavu. Majirani walilalamika panya. Viongozi wa kata wakaandaa siku ya usafi: vijana, reki, toroli, mtu wa kupiga picha. Walifanya kazi kwa moyo, siwezi kuwasema vibaya. Walitoa kila kitu nje, wakachoma, wakapiga deki, wakampa blanketi jipya na kilo za sukari, picha zikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na watu wakaweka mikono ya kuomba. Ndani ya magunia yale kulikuwa na nguo za watoto wake watatu waliofariki na kadi zao za kliniki. Bibi alihamia jikoni na hakumfungulia mtu mlango msimu wote wa baridi, hata mhudumu wa afya aliyekuwa akimpokea zamani. Mvua zilipoanza, magunia yalikuwa yameanza kurudi.

Usomapo takwimu za mikoa hii ukumbuke magunia hayo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wa miaka 15 na kuendelea ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati nchi nzima ni asilimia 4.4. Kabla dawa hazijaenea, kuna wazee walizika watoto wao mmoja baada ya mwingine, wakaanza upya kulea wajukuu kwa miguu iliyochoka. Wajukuu wamekua. Wamekwenda kwenye chai ya Mufindi, Tunduma, Dar es Salaam. Kazi iliyokuwa inamwamsha bibi alfajiri imekwisha, na hapo ndipo wengine wanapokaa chini na wasiinuke. Sonona ya mzee haina machozi mengi. Inakuja kama kutohangaika: nywele, moto, chumvi, vyote vya nini.

Watafiti wa Uingereza waliowahoji watu wa namna hii pamoja na maafisa waliowahudumia walirudia jambo moja: usafi wa kulazimisha haudumu, na kinachofungua njia ni mtu yuleyule kuja mara kwa mara, bila haraka, akaanza na kile ambacho mwenye nyumba mwenyewe anakitaka. Nilipousoma utafiti wao nilicheka, maana ni kama walikuwa na mhudumu yule wa Makete. Yeye aliendelea kupita, anabisha hodi, anasalimia, anaendelea na safari. Siku bibi alipomjibu, hakuzungumzia magunia wala kidonda alichokuwa nacho mguuni. Alitaka mlango wake ufunge sawasawa, kwa sababu mbuzi wa jirani walikuwa wanaingia. Mhudumu akaja na bawaba na kijana wa kuzipiga. Wiki zilizofuata ndipo mguu ukaonyeshwa, halafu gunia moja likafunguliwa, wawili hao wakipanga nguo: hii ibaki, hii iende. Usafi ulifika, lakini ulifika ukiwa wa bibi.

Huwezi kuifundisha subira hiyo kwa kitini peke yake. Tunafanya maigizo. Mmoja anakuwa mzee, mmoja anabisha hodi, wengine wanatazama. Utasikia: "Habari za hapa, tumetoka ofisini, tumekuja kukukagua mazingira." Mzee wa igizo anafunga mlango na chumba kizima kinacheka. Tunarudia. Uje na salamu ya watu wa pale, kamwene kama ni Iringa au Njombe, mwagonile kama ni Rungwe, na usubiri ujibiwe kikamilifu. Usivuke kizingiti mpaka ukaribishwe. Ukipewa gogo la kukalia, kaa, usilipanguse. Uliza habari za mashamba kabla ya habari za mwili. Kama mna ngazi ya ujukuu, mwite babu au bibi, na ukubali kutaniwa. Usitoe simu kupiga picha. Zungumzeni nje juani kama ndani kuna harufu kali, maana sitaki kumdanganya mtu kwamba ataizoea. Nawaambia wazi kwamba kichefuchefu si dhambi, ila kuziba pua mbele ya mwenye nyumba kunafuta salamu zote ulizotoa. Kijana mmoja wa ustawi wa jamii aliniuliza kama anaruhusiwa kutoka nje atapike halafu arudi. Anaruhusiwa. Arudi tu.

Sehemu ngumu kuliko zote ni lile neno sitaki.

Wataalamu wetu wamegawanyika pande mbili. Upande mmoja unasema mtu mzima akikataa amekataa, andika na uondoke. Upande wa pili unasema mzee ni kama mtoto, mbebeni. Wote wawili wanaokoa muda wao. Wa kwanza wajue kwamba kuondoka kuna gharama: utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu wazee wa Chicago ulionyesha kwamba walioripotiwa kujitelekeza walikuwa na hatari ya kufa ndani ya mwaka wa kwanza karibu mara 6 ya wenzao. Huko Uingereza, ambako mwongozo wa sheria yao ya matunzo ya mwaka 2014 unataja kujitelekeza waziwazi, vifo vya namna hii hufanyiwa mapitio rasmi, na mapitio hayo yamekuta tena na tena jalada lililofungwa kwa maelezo kwamba hayo ndiyo maisha aliyoyachagua, bila mtu kupima kama alikuwa na uwezo wa kuchagua.

Wa pili nao wasikilize. Madaktari wa Uingereza walioandika kuhusu wagonjwa 30 wa aina hii mwaka 1975 walikuta nusu yao hawana ugonjwa wa akili wowote; kadhaa walikuwa watu wenye akili kali na maisha ya mafanikio nyuma yao. Huwezi kumwita kila mmoja kichaa. Sheria yetu ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inafungua njia ya kumpeleka mtu hospitali bila ridhaa yake, ila ni kwa ugonjwa wa akili na kwa masharti, siyo kwa nyumba chafu. Mzee anayeelewa, anayeweza kukuonyesha anachosema, na bado akasema kidonda changu nitakufa nacho, ana haki hiyo, hata kama inakuuma. Mwalimu wa Uporoto hakuwa huyo. Yeye alisema niacheni kwa sababu hakuweza kuona kwamba moto hauwaki. Alifikishwa hospitali, akapimwa, presha ikashughulikiwa, na mpangilio wa nyumbani ukabadilika: mtoto mmoja alihamisha pesa zikawa zinaingia kwa dada wa jirani anayepika, na mzee akapewa kazi ya kusahihisha madaftari ya wajukuu wa dada huyo. Anasahihisha vibaya, naambiwa, lakini anaoga kwa ajili ya kazi.

Kati ya hao wawili kuna wengi ambao leo hujui na kesho huenda ukajua, kwa sharti kwamba utarudi. Nani atarudi? Hapo ndipo mafunzo yanapogonga mwamba. Afisa ustawi wa jamii mmoja anaweza kubeba kata kadhaa, na migogoro ya ndoa na watoto imeshajaza meza yake. Zahanati ina muuguzi ambaye akitoka hakuna wa kubaki. Ninaowategemea ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao chini ya mpango uliozinduliwa mwaka 2024 wanapata mafunzo ya miezi sita na posho inayotambulika. Wanapita kaya kwa kaya, wanajua njia za mkato, wanajua nani hajaonekana kisimani. Macho yao yameelekezwa zaidi kwa mama mjamzito na mtoto mchanga, na ni sawa, ila mguu ulioingia uani kumpima mtoto unaweza kuchungulia majivu ya jikoni kwa babu. Sidai mtaala mpya. Siku mbili ndani ya ile miezi sita zingetosha kwa mwanzo, na siku moja kati ya hizo iwe nyumbani kwa mtu.

Balozi wa nyumba kumi, jumuiya ndogondogo za kanisani, akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa (VICOBA), wote wana nafasi, na huwa nawaomba kitu kimoja tu: watoe taarifa mapema, wasiitishe mkutano. Hata orodha za kunusuru kaya maskini zinapohakikiwa mbele ya mkutano wa kijiji, huyu mzee hayupo mkutanoni, na asipokuwa na wa kumtaja jina lake halisomwi.

Mara ya mwisho nilipokuwa Njombe, mshiriki mmoja alisubiri wenzake watoke kwenda chai ndipo akauliza. Sista, nikiheshimu kukataa kwake, nikaondoka, akafa, kijiji kitasema mimi ndiye niliyemwacha. Nitajibu nini? Nikamwonyesha ukurasa tuliouongeza kwenye daftari la ziara. Tarehe. Nilichokiona: moto, maji, chakula, miguu, jiko. Nilichouliza na alivyonijibu, kwa maneno yake yeye, kwa lugha aliyoitumia. Nilichomwomba anionyeshe na alivyofanya. Anachokitaka yeye. Nani mwingine nimemwambia. Tarehe ya kurudi, na hapo chini sahihi ya mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, au ya afisa ustawi, ili kusudi uamuzi huo usibebwe na mhudumu peke yake. Akausoma mpaka chini. Akasema mganga wao hatasaini. Nikamwambia amlete kwenye mafunzo yajayo, na kama hataki kuja, safari ile ya nyumbani tutaanzia ofisini kwake.